Rubani anapoelekea njia isiyo yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutua kwa macho

Tangu ndege ya Air Canada ilipokaribia kutua juu ya ndege nne zilizokuwa zimesimama San Francisco mwaka 2017, swali moja limekuwa likirudi: inakuwaje marubani wawili waliosomea kazi hii, usiku wa anga safi, wauone uwanja wote mbele yao na bado waelekee mahali ambapo hapatuliwi? Majibu yaliyomo humu yametolewa kwa msomaji wa kawaida, abiria au mwanafunzi wa urubani. Katika maelezo haya, "njia" ni njia ya kurukia na kutulia ndege, na "kiungio" ni ile barabara inayounganisha njia hiyo na maegesho, ambako ndege hutembea polepole zikisubiri zamu ya kuruka.

Kutua kwa macho ni kutua kwa namna gani?

Rubani anauona uwanja, au anaiona ndege iliyomtangulia, anamwambia mwongozaji ndege kwamba ameiona, naye anapewa ruhusa ya kwenda kutua akijiongoza kwa kile anachokitazama. Anapotua kwa vyombo mambo ni tofauti. Hapo anafuata mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka uwanjani, yanayomwonyesha kama yuko kushoto au kulia mwa mstari wa katikati ya njia, na kama yuko juu mno au chini mno. Mfumo huo huitwa ILS.

Kutua kwa macho ni halali na hutumika kila siku, Marekani kuliko kwingi. Sababu kubwa ni foleni. San Francisco, kwa mfano, njia mbili kuu za kutulia ziko sambamba na umbali kati ya mistari yao ya katikati ni mita 230 hivi. Kwa vyombo peke yake, ndege mbili haziruhusiwi kushuka bega kwa bega kwenye njia zilizokaribiana hivyo. Kwa miaka mingi, marubani walipoonana kwa macho, iliwezekana, na uwanja ulipokea ndege nyingi zaidi kwa saa.

Namba na herufi zilizoandikwa kwenye njia zina maana gani?

Namba ni uelekeo wa dira uliogawanywa kwa kumi. Njia ya 28 inaelekea karibu nyuzi 280, yaani magharibi na kidogo kaskazini. Ukiijia kutoka upande wa pili inaitwa 10. Zikiwa mbili sambamba, huongezwa herufi: L ni ya kushoto, R ni ya kulia.

Hapo ndipo mtego ulipo. Dira haiwezi kukutofautishia 28L na 28R, wala haiwezi kukuambia kwamba lami uliyoilenga ni kiungio kinachokwenda sambamba nazo. Zote zinaelekea kulekule.

Rubani mwenye maelfu ya saa angani anakoseaje kitu kikubwa kama hicho?

Jicho haliangalii bila kusaidiwa na akili, na akili hutangulia kusema kile inachotarajia kukiona. Mtu akiambiwa kuna njia mbili na wewe uende ya kulia, anapochungulia gizani anatafuta mistari miwili ya taa. Akiipata, kazi ya kutafuta imekwisha. Kinachofuata ni kutafuta dalili za kuthibitisha, na dalili za kupinga hupita bila kupewa uzito. Wachunguzi wa ajali wana jina la kitaalamu kwa hali hii na wanaikuta tena na tena, kwa marubani wapya na kwa wakongwe vilevile. Uzoefu wenyewe unaweza kuizidisha, kwa sababu aliyetua uwanja mmoja mara nyingi ana picha yake kichwani tayari.

Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaosema hawa ni marubani wazembe na kuishia hapo. Jibu hilo halimfundishi mtu chochote, na halimkingi abiria wa kesho.

Nini hasa kilitokea San Francisco?

Ilikuwa usiku wa tarehe 7 Julai 2017, saa sita kasoro dakika nne usiku. Ndege aina ya Airbus A320 ya Air Canada, safari namba 759 kutoka Toronto, ilikuwa na abiria 135 na wafanyakazi 5. Iliruhusiwa kutua njia ya 28R. Hali ya hewa ilikuwa safi.

Njia jirani, 28L, ilikuwa imefungwa usiku huo kwa ujenzi. Taa zake zilikuwa zimezimwa, na mwanzoni mwake palikuwa na alama kubwa ya X yenye taa za kumetameta. Marubani walikuwa wamepewa taarifa hiyo kabla ya safari, lakini walipofika hawakuikumbuka. Wakatarajia kuona njia mbili zenye taa. Walichokiona mbele yao ni 28R yenye taa, na upande wake wa kulia, kiungio C. Akili ikajaza yenyewe: ile ya kushoto ni 28L, basi ya kulia ndiyo yetu. Njia halisi waliyopaswa kutua wakaichukulia kuwa ni ile iliyofungwa, na kiungio wakakifanya njia.

Kwenye kiungio hicho ndege nne zilikuwa zimepanga mstari zikisubiri kuruka: tatu za United na moja ya Philippine Airlines. Zilikuwa zimebeba mafuta ya safari na watu. Ukijumlisha waliokuwa ndani ya ndege zote tano, walizidi elfu moja.

Kapteni wa Air Canada aliona jambo ambalo halikumkalia sawa. Alimwuliza mwongozaji ndege mnarani: kuna taa kwenye njia, je, ana hakika tumeruhusiwa kutua? Mwongozaji akatazama, akaona 28R iko tupu, akajibu kwamba hakuna mwingine kwenye 28R ila wao. Jibu lilikuwa la kweli kabisa, na halikuwasaidia, kwa sababu wawili hao walikuwa wanazungumzia vipande viwili tofauti vya lami.

Rubani wa ndege ya kwanza kwenye kiungio, United 1 iliyokuwa ikienda Singapore, ndiye aliyeona taa za ndege zikimjia usoni. Akauliza kwenye redio huyo anakwenda wapi, kisha akasema ndege hiyo iko kwenye kiungio. Wale wa Philippine waliwasha taa zao kubwa za kutulia ili waonekane. Marubani wa Air Canada walikuwa wameshaanza kughairi kutua wakiwa futi kama 100 juu ya ardhi, na mwongozaji naye akawaamuru wapande. Ndege huwa haipandi papo hapo. Ilizidi kushuka mpaka futi 60 hivi, sawa na mita 18, ndipo ikaanza kupaa. Wakati huo ilikuwa imeshaipita United 1 na kuifikia ile ya Philippine, aina ya Airbus A340. Mkia wa A340 una kimo cha karibu mita 17. Hesabu hiyo haihitaji maelezo zaidi.

Ilizunguka, ikarudi, ikatua salama kwenye 28R. Hakuna aliyeumia.

Taa za kiungio si zina rangi tofauti? Hawakuziona?

Zina rangi tofauti, ndiyo. Taa za kandokando ya njia ya kutulia ni nyeupe, na karibu na mwisho hubadilika kuwa za manjano. Kiungio kina taa za bluu pembeni na mara nyingi za kijani katikati. Njia kubwa pia ina taa za kukaribisha zilizopangwa mbele yake, na pembeni taa nne zinazomwambia rubani kimo chake: mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake uko sawasawa, nne nyekundu uko chini mno.

Lakini fikiria kinachoonekana kutoka kilomita kadhaa. Ndege nne zilizopanga mstari zina taa kwenye ncha za mabawa na taa za kumetameta mgongoni na tumboni. Kwa mbali taa hizo zilijipanga kama taa za njia, na wachunguzi walikiri kwamba mpangilio huo uliweza kumlaghai mtu aliyekwisha kuamini. Vilevile, mji mzima na maegesho yote vimejaa taa. Dalili za kuwaonya zilikuwepo, na ndizo hatimaye zilizomfanya kapteni aulize. Zilichelewa kushinda.

Marubani wa ndege ya Delta iliyotua dakika chache kabla yao nao waliona taa za kiungio na kujiuliza. Wao walitazama mwongozo wa kwenye skrini yao, wakahakikisha wako kwenye mstari wa 28R, wakatua.

Basi kwa nini vyombo vya Air Canada havikuwaambia kwamba wako pembeni?

Kwa sababu masafa ya ILS hayakuwa yamewekwa. Hili ndilo jambo ambalo kila mwanafunzi wa urubani anapaswa kulitafakari kuliko mengine yote katika kisa hiki.

Utaratibu wa kutua waliopangiwa ulikuwa wa macho, lakini ulitaka marubani waingize kwa mkono masafa ya redio ya njia ya 28R, ili waone kwenye skrini kama wako kwenye mstari. Rubani msaidizi alipaswa kuyaingiza wakati wa kuandaa ndege kwa kutua. Hakufanya hivyo. Kapteni alipaswa kuhakiki, na hakugundua. Kati ya taratibu zote za kutua zilizokuwa kwenye kompyuta za A320 za kampuni hiyo, huu ndio pekee uliohitaji masafa yaingizwe kwa mkono. Nyingine zote zilijiweka zenyewe. Na kwenye karatasi ya utaratibu, maelekezo hayo hayakuwekwa mahali pa kumrukia mtu machoni.

Kitu kinachofanywa mara moja kwa nadra, kati ya mambo kumi yanayofanyika yenyewe, kitasahauliwa na mtu fulani siku fulani. Aliyebuni utaratibu huo ana sehemu yake katika kosa hili.

Na mwongozaji ndege mnarani, hakuweza kuona?

Usiku ule mtu mmoja alikuwa akifanya kazi za nafasi zote za mnara peke yake. Kutoka mnarani, ndege inayokuja usiku ni taa tu, na si rahisi kujua kwa macho kama imelenga njia au kiungio kilicho ubavuni mwake. Rada ya uwanjani ilikuwepo, lakini ilikuwa imeundwa kuonya juu ya migongano kwenye njia za kurukia. Haikuwa imefundishwa kutambua ndege inayoshuka kuelekea kiungio.

Uchovu ulichangia?

Ulichangia, na wachunguzi wa Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, waliutaja wazi. San Francisco ilikuwa karibu saa sita usiku, lakini miili ya marubani ilikuwa kwa saa za Toronto, ambako ilikuwa inakaribia saa tisa alfajiri. Kapteni alikuwa amekaa macho zaidi ya saa 19. Alikuwa wa akiba siku hiyo, akaanza kazi jioni baada ya kuwa macho tangu asubuhi. Rubani msaidizi alikuwa macho zaidi ya saa 12.

Kanuni za Canada za wakati huo ziliruhusu hali hiyo. Za Marekani zisingemruhusu kapteni yule kuruka. Canada ilipitisha kanuni mpya za muda wa kazi Desemba 2018, na mashirika makubwa yakaanza kuzifuata Desemba 2020.

Kisa cha Atlanta mwaka 2009 ni cha jamii hiyohiyo. Tarehe 19 Oktoba, kabla ya mapambazuko, Boeing 767 ya Delta kutoka Rio de Janeiro ilitua juu ya kiungio M badala ya njia ya 27R. Walikuwa wameruka usiku kucha, na rubani mmoja katika timu yao alikuwa mgonjwa hivyo hakuweza kuwapokea wenzake. Walibadilishiwa njia dakika za mwisho, na mwongozo wa redio na taa za kukaribisha za njia hiyo mpya havikuwa vimewashwa. Bahati njema kiungio kilikuwa kitupu.

Mbona taarifa ya kufungwa kwa njia haikuwasaidia?

Taarifa za aina hiyo huitwa NOTAM. Kila safari marubani hupewa lundo lake: kreni imesimama mahali fulani, taa ya kiungio fulani imeungua, nyasi zinafyekwa, njia imefungwa. Zote huandikwa kwa herufi za aina moja na kwa vifupisho. Katika kitabu cha safari ya Air Canada 759, kufungwa kwa 28L kulikuwa ukurasa wa 8 kati ya 27.

Robert Sumwalt, aliyekuwa mwenyekiti wa NTSB, alipokuwa akisimamia kikao cha kuhitimisha uchunguzi huo Septemba 2018, aliziita taarifa hizo takataka ambazo hakuna anayezijali. Ni maneno makali kutoka kwa mtu aliyewahi kuwa rubani wa ndege za abiria, na naona alikuwa na haki. Habari ya kuua na habari ya nyasi haziwezi kupewa mwandiko mmoja.

Je, limewahi kutokea Afrika Mashariki?

Limetokea, na kwa ukubwa zaidi: si njia tu, ni uwanja mzima uliokosewa. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, ilitua kwenye uwanja mdogo wa Arusha ulioko Kisongo. Ilikuwa na zaidi ya watu 200.

KIA ilikuwa na tatizo mchana huo: ndege ndogo ilikuwa imeharibika na kukwama kwenye njia. Ile 767 ikazungushwa angani ikisubiri. Kisha ikashuka, lakini Arusha, umbali wa kilomita 50 hivi.

Anayeujua upande ule ataelewa mtego wake. Njia ya KIA na njia ya Arusha zote mbili ni 09/27. Zinatazama mashariki na magharibi. Rubani aliyepanga kutua KIA akiuona uwanja wenye lami moja iliyonyooka kwa uelekeo uleule, dira yake haimkatazi. Tofauti ni urefu. Ya KIA ina mita 3,600. Ya Arusha wakati huo ilikuwa na mita 1,600 na kidogo, na ilikuwa imezoea ndege ndogo za kwenda mbugani na Zanzibar. Marubani walifunga breki kwa nguvu zote, wakaweza kuisimamisha, na walipojaribu kuigeuza, magurudumu yaliingia kwenye majani. Abiria walikaa ndani kwa saa kadhaa kwa sababu uwanja haukuwa na ngazi za kufikia mlango wa ndege ya kimo kile. Siku chache baadaye ndege ilipunguzwa uzito, ikaruka kutoka njia ileile fupi bila abiria na kwenda KIA.

Wakazi wa Arusha walikwenda kuitazama kama harusi, na picha zake zilisambaa sana. Nadhani sehemu muhimu ilipotea katika shangwe hiyo. KIA ina ILS. Mshale wa redio wa KIA ungeonyesha mara moja kwamba lami iliyo mbele siyo.

Nairobi nayo ina Wilson ndani ya jiji na Jomo Kenyatta upande wa mashariki. Wilson ina njia ya 07/25 na Jomo Kenyatta ina 06/24: tofauti ya nyuzi kumi tu. Marubani wanaokwenda huko kwa mara ya kwanza huelezwa jambo hili, na ni vizuri waendelee kuelezwa.

Kukosea uwanja mzima hutokea kwingine?

Hutokea, na Marekani kuna mifano mitatu iliyofuatana kwa muda mfupi.

Novemba 2013, mwezi mmoja kabla ya kisa cha Arusha, Boeing 747 kubwa iliyorekebishwa kubebea vipande vya ndege ilikuwa inakwenda kambi ya jeshi la anga ya McConnell, Wichita, Kansas. Ikatua usiku kwenye uwanja mdogo wa Jabara wenye njia ya mita 1,860. Siku ya pili iliruka salama. Januari 2014, Boeing 737 ya Southwest kutoka Chicago kwenda Branson, Missouri, ilitua uwanja mwingine wa karibu wenye njia ya mita 1,140 hivi, wakati iliyokusudiwa ilikuwa na zaidi ya mita 2,100. Ilisimama karibu kabisa na mwisho wa lami, na ng'ambo yake kuna bonde na barabara kuu. Julai 2016, Airbus ya Delta iliyokuwa ikienda Rapid City, South Dakota, ilitua kambi ya jeshi ya Ellsworth iliyo karibu. Mwaka 2004 ndege ya Northwest ilikuwa imefanya kosa hilohilo, kwenye kambi hiyohiyo.

Mahali ambapo watu wasiojuana wanajikwaa kwa namna moja, miaka 12 ikipita kati yao, tazama mahali penyewe kabla ya kumtazama aliyejikwaa.

Kosa hili limewahi kuua?

Ndiyo. Tarehe 31 Oktoba 1979, ndege ya DC-10 ya Western Airlines, safari namba 2605 kutoka Los Angeles, ilishuka alfajiri yenye ukungu Mexico City. Ilipaswa kumalizia kwenye njia ya 23R, lakini ikatua 23L iliyokuwa imefungwa kwa matengenezo. Iligonga lori la ujenzi, kisha majengo. Watu 72 waliokuwa ndani walikufa, na mmoja aliyekuwa ardhini. Pale hapakuwa na anga safi wala kutua kwa macho tangu mwanzo. Marubani walikuwa wanafuata mwongozo wa redio wa njia moja, kisha walitakiwa wahamie nyingine kwa macho dakika ya mwisho.

Kuruka kutoka njia isiyo sahihi kumeua zaidi. Singapore Airlines 006 ilijaribu kuruka Taipei, Oktoba 31, 2000, wakati wa kimbunga, kwenye njia iliyofungwa na yenye mitambo ya ujenzi. Watu 83 walikufa. Comair 5191 huko Lexington, Kentucky, Agosti 27, 2006, iliruka kutoka njia fupi badala ya ndefu. Walikufa 49 kati ya 50.

Hatua gani zimechukuliwa tangu 2017?

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilizuia San Francisco kutoa ruhusa ya kutua kwa macho usiku pale njia ya sambamba inapofungwa. Ndege hupewa ILS au mwongozo wa setilaiti. Mnara pia ulitakiwa usibakiwe na mtu mmoja mapema mno usiku.

Mfumo wa rada za viwanjani uliongezewa uwezo wa kutambua ndege inayolenga kiungio na kumpigia mwongozaji kengele. Ulianza kutumika Seattle mwaka 2018, uwanja ambao kiungio chake T kilikuwa kimewakosesha marubani kwa miaka, kisha ukapelekwa viwanja vingine vikubwa vya Marekani.

Ndani ya ndege kuna mifumo inayotaja kwa sauti namba ya njia unayoikaribia, na kuonya ukiwa unashukia mahali pasipo na njia. NTSB ilipendekeza ndege ziwe nayo. Si zote zinayo. Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha zinapaswa kwenda kwanza, kwa sababu sauti ya chombo haina matarajio.

Nasomea urubani. Nifanye nini tofauti?

Hata siku unayouona uwanja kutoka kilomita 60, weka masafa ya ILS ya njia yako, au mwongozo wa setilaiti pale ambapo ILS haipo, na mtaje na mwenzako kwa sauti kile mlichoweka. Kabla ya kushuka, semeni ni taa gani mnatarajia kuona na zipi hamtazamii: "Ya kushoto imefungwa, tutaona moja tu." Sentensi hiyo fupi ingetosha San Francisco. Jueni uwanja jirani wenye uelekeo kama wa kwenu uko upande gani na umbali gani, na mtazame umbali uliobaki kwenye skrini: uwanja ukijitokeza ilhali kompyuta inasema bado kilomita 50, iaminini kompyuta kwanza.

Na ukijikuta unauliza "hizi taa ni za nini?", ghairi palepale, ukiwa juu. Usingoje jibu. Kapteni wa Air Canada aliuliza swali sahihi, akapata jibu la kweli, akaendelea kushuka.

Mimi ni abiria. Ndege ikipaa ghafla ikiwa karibu kugusa chini, niogope?

Hapana. Kughairi kutua ni zoezi ambalo marubani hulifanyia mazoezi mara kwa mara, na mara nyingi sababu ni ya kawaida, kama ndege iliyotangulia kuchelewa kutoka njiani. Injini zitanguruma na pua itainuka. Utachelewa kwa robo saa hivi. Shirika linalowasakama marubani wake kwa kughairi linawafundisha kuendelea kushuka wakiwa na shaka, na hilo ndilo la kuogopwa.

Mazungumzo ya marubani wa Air Canada yanapatikana wapi?

Ya redio kati yao na mnara yalirekodiwa na yamewekwa hadharani. Yale waliyozungumza wao kwa wao hayapo. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kwenye ndege hiyo kilihifadhi saa mbili za mwisho tu. Ndege iliruka tena asubuhi iliyofuata kwenda Montreal kabla wachunguzi hawajafahamu uzito wa tukio, na sauti za usiku ule zikafutwa na sauti za safari mpya. Ndiyo maana wachunguzi walilazimika kutegemea kumbukumbu za marubani wenyewe kuhusu kile walichodhani wanakiona.

NTSB ilipendekeza vinasa sauti vihifadhi saa 25. Ulaya tayari inadai hivyo kwa ndege kubwa mpya tangu 2021, na sheria ya anga ya Marekani ya mwaka 2024 imeagiza hivyo kwa ndege mpya na kwa zile za abiria zinazoendelea kuruka.